Hakufaulu, Hajafaulu

Mwezi uliopita mjukuu wangu, ambaye yuko mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, alikuja kunitembelea akiwa amenyong'onyea. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kunywa chai, alitoa kwenye mkoba karatasi ya jaribio la hisabati akaiweka mezani. Juu yake paliandikwa kwa wino mwekundu: 34. Akasema, "Babu, nimekuja tushauriane. Hesabu siwezi. Nataka niache chuo mapema, kabla baba hajamaliza fedha zake bure."

Nilikuwa mwalimu kwa miaka 40, na katika hiyo, miaka 31 niliitumikia katika vyuo vya ualimu, kwanza nikiwa mkufunzi, baadaye mkuu wa chuo. Neno "siwezi" nimelisikia mara nyingi mno. Nilikuwa na majibu yangu ya siku zote: jikaze, usikate tamaa, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini siku ile maneno hayo yalinikwama kooni, kwa kuwa nilikumbuka kwamba wako watu ambao neno hilo la "siwezi" walilipata kinywani mwangu mimi.

Swali ninalotaka kulijadili, basi, ni hili: alama ya mtihani humsema nani? Je, inaisema kazi aliyoifanya mtu siku ile, au inamsema mtu mwenyewe, alivyo na atakavyokuwa? Huenda likaonekana ni swali dogo la ofisi ya taaluma. Kwangu mimi ni swali la haki, kwa sababu mwalimu ni mmoja wa watu wachache wanaopewa ruhusa ya kumwandikia binadamu mwenzao neno ambalo atatembea nalo maisha yake yote.

Kizazi chetu kililelewa na mitihani. Mwaka 1962 nilifanya mtihani wa darasa la nne, ambao ndio uliokuwa ukiwachuja watoto wa kwenda darasa la tano. Tuliovuka hatukufika robo ya darasa. Wenzetu waliobaki waliitwa "walioshindwa," nao walikuwa watoto wa miaka 11 na 12. Mmoja wao, jirani yetu, ndiye aliyekuwa akinifundisha mimi kutegua vitendawili na kuhesabu ng'ombe wa zizi zima kwa kutazama tu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba shule ya kati ilikuwa moja na nafasi zake zilikuwa chache. Hata kama sote tungepata alama za juu, wengi wetu tungebaki vilevile. Uhaba wa madawati ulipewa jina la upungufu wa akili za watoto, na watoto wakaamini.

Viongozi wetu waliliona jambo hili. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia uzito uliopindukia waliopewa mitihani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za mwanafunzi za siku zote zihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho, na kuanzia mwaka 1976 utaratibu huo ukaanza kutumika. Yalikuwa mageuzi mema. Lakini kwa nilivyoona mimi, utaratibu ulibadilika, ndimi zetu walimu hazikubadilika. Tuliendelea kubandika ukutani orodha ya majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, tukapiga mstari mwekundu mahali fulani, na waliokuwa chini ya mstari ule wakapita kwenye ukuta huo wiki nzima wakiangalia viatu vyao.

Tena asidhani mtu kwamba alama hushuka kutoka mbinguni. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, na yalipotoka tena mwishoni mwa Mei, maelfu ya vijana waliokuwa na sifuri wakawa na daraja. Karatasi zao za majibu zilikuwa zile zile. Hakuna aliyeongeza hata nukta. Kilichobadilika ni kipimo. Sisemi kwamba vipimo ni uongo. Nasema ni vipimo, vimetengenezwa na watu, na mwenye busara hutazama ratili kabla ya kumlaumu mwenye mzigo.

Sasa niseme langu, maana si vema kuzungumzia makosa ya nchi nzima na kuruka la kwako.

Mwaka 1988 nilikuwa mkufunzi wa hisabati katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Miongoni mwa wanachuo wetu walikuwapo walimu waliofunzwa haraka haraka wakati wa mpango wa UPE wa miaka ya 1970, ambapo vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa vijijini huku wakijifunza ualimu kazini. Nchi ilikuwa imeazimia kila mtoto aende shule, na walimu hawakutosha. Vijana hao ndio waliobeba mzigo. Baadaye wengine waliletwa vyuoni kuongezewa elimu. Mmoja wao alikuwa mtu wa miaka kama 30, mwenye mke na watoto watatu, mpole, hodari wa kutuliza darasa.

Siku ya mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la tano, fomu ya tathmini ikiwa magotini. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Zana alikuwa nazo: machungwa mawili na kisu. Alikuwa akifundisha kujumlisha sehemu. Alipofika kwenye 1/2 + 1/3, akajumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake, akapata 2/5, akaiandika ubaoni kwa hati nzuri, na watoto zaidi ya 50 wakainakili katika madaftari yao. Machungwa yalikuwa pale pale mezani. Hakuna aliyeuliza inawezekanaje mtu aanze na nusu chungwa, aongezewe kipande, kisha abaki na pungufu ya nusu aliyoanza nayo.

Nilimpa alama ya kushindwa, na mpaka leo naamini ilikuwa haki. Kosa langu lilifuata baadaye. Katika nafasi ya maoni ya msimamizi niliandika: "Hana kipaji cha hesabu." Na jioni ile, mbele ya wakufunzi wenzangu wawili, nilimwambia kwa mzaha kwamba wengine waliumbiwa chaki na wengine waliumbiwa jembe. Wenzangu walicheka. Yeye pia alicheka, kama anavyocheka mtu aliye chini mbele ya walio juu yake. Mtihani wa marudio ulipangwa baada ya wiki sita. Hakuufanya. Alifunga sanduku lake la bati, akaaga wenzake wa bweni, akaenda zake.

Mwaka 2003 nilikuwa safarini, gurudumu la basi likapasuka karibu na kijiji kimoja. Tukashuka kutafuta maji. Niliingia katika duka moja, na mwenye duka akasema, "Shikamoo Mwalimu." Alikuwa yeye. Mvi zilikuwa zimeanza kumwota. Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, akanivutia kigoda. Wateja walikuwa wanaingia na kutoka. Huyu anataka robo kilo ya sukari, yule kilo moja na robo tatu ya mchele pamoja na nusu lita ya mafuta ya taa, mwingine analipa deni la wiki iliyopita na kuchukua jipya. Yote aliyajumlisha kichwani, hakugusa kalamu, na chenji aliitoa kabla mteja hajafungua mkono. Robo, nusu, robo tatu. Kazi yake kutwa nzima ilikuwa kujumlisha sehemu.

Nikamwambia, "Hesabu zako zimenyooka." Akatabasamu. "Hapana Mwalimu," akasema, "wewe ulisema kweli. Hesabu si fungu langu. Afadhali nilijua mapema."

Nilipaswa kumwomba radhi pale pale. Lakini dereva alipiga honi, nami nikaitumia honi hiyo kama kisingizio, nikanunua biskuti nikaondoka. Nilipopita tena miaka minne baadaye, safari hii nikiwa na nia ya kumtafuta, duka lilikuwa la mtu mwingine, na aliyekuwapo hakujua alikohamia.

Nimelitafakari sana jambo hili, nami naona kwamba siku ile ya machungwa nilikuwa na mambo mawili mkononi nikayachanganya. La kwanza lilikuwa alama. Alama ilisema: somo hili, siku hii, lilifundishwa vibaya. Hapo sikuwa na hiari. Watoto 50 waliandika jambo lisilo kweli, na kila mmoja wao ana haki sawa na ya mwalimu wao. Mtu akiniambia kwamba huruma ilinitaka nimpe alama ya kufaulu, nitamuuliza: huruma kwa nani? La pili lilikuwa ile sentensi ya maoni. Sentensi haikusema habari ya somo wala ya siku. Ilisema habari ya mtu, na ya siku zake zote. Kwa lile la kwanza nilikuwa na ushahidi ubaoni. Kwa la pili sikuwa na ushahidi wowote; nilikuwa na uchovu, na kiburi cha mtu ambaye hesabu zilimjia kwa urahisi.

Kiswahili chetu kina utajiri ambao sisi walimu hatuutumii ipasavyo. Mtu aliyeshindwa mtihani tunaweza kusema hakufaulu, tunaweza kusema hajafaulu, na tunaweza kusema hawezi. "Hakufaulu" ni neno la siku yake: mtihani ule, karatasi ile, saa zile mbili. Likiwa kweli halina budi kusemwa bila kupakwa asali. "Hajafaulu" ni neno la leo: linakiri kwamba jambo halijawa, na papo hapo linaacha nafasi ya kuwa. Lakini "hawezi" halina siku. Ukimwambia mtu hawezi, umeichukua Juni moja ukaifanya kuwa miaka yote.

Na hata neno hilo wenzetu wa pwani wana namna ya kulitumia ambayo hunifariji. Wakisema "fulani hawezi," aghalabu humaanisha kwamba ni mgonjwa. Na mtu akiwa mgonjwa hupelekewa uji, hutafutiwa dawa, na kila asubuhi huulizwa ameamkaje. Hakuna anayemchimbia kaburi kwa sababu leo hawezi.

Nisionekane kusema kwamba hatari iko kwa wanaokemewa tu. Wanaosifiwa nao wamo. Miaka ya 1990, nikiwa mkuu wa chuo, tulikuwa na kijana aliyekuwa wa kwanza tangu alipoingia. Sote tulimwita "kichwa." Mkufunzi akiingia darasani na swali gumu, alimgeukia yeye. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka alikamatwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya soksi. Nilistaajabu, kwani somo lenyewe angelifaulu bila shida. Nilipomuuliza alilia, akasema, "Mkuu, niliogopa kuwa wa pili." Nilimwadhibu kama sheria za chuo zilivyotaka. Lakini usiku nilijiuliza ni nani aliyemfundisha kwamba akiwa wa pili hatakuwa mtu tena. Hatukumsifia kazi yake hata siku moja. Tulisifia kichwa chake, naye akawa mlinzi wa kichwa hicho badala ya mwanafunzi.

Baada ya kustaafu, mkufunzi mmoja kijana aliniazima kitabu cha Carol Dweck, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, kilichotolewa mwaka 2006. Anaeleza kwamba wako watu wanaoamini akili ni kitu ulichopewa kwa kipimo, hakiongezeki, na wako wanaoamini kwamba hukua kwa kujifunza, na kwamba imani hizi mbili humfanya mtu apokee kushindwa kwa namna mbili tofauti. Mwaka 1998 yeye na mwenzake Claudia Mueller walitangaza uchunguzi waliowafanyia watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo, kisha wengine wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Wale waliosifiwa akili walipendelea baadaye kazi rahisi ambazo hazingewaaibisha; walipokutana na mafumbo magumu walivunjika moyo haraka; na walipotakiwa kumwandikia mtoto wasiyemjua alama walizopata, wengi zaidi miongoni mwao walitia chumvi. Niliposoma hapo niliifunga kurasa kwa muda. Nilimwona kijana wangu wa soksi.

Lakini mzee hapaswi kukimbilia kila habari njema. Mwaka 2019 Dweck na wenzake walitangaza jaribio kubwa lililohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari huko Marekani. Walipewa somo fupi kwa kompyuta, lisilofika saa moja, kuhusu uwezo wa akili kukua. Wale waliokuwa na maendeleo duni alama zao zilipanda, lakini kidogo: sehemu moja ya kumi ya pointi, katika kipimo ambacho kilele chake ni kama pointi 4. Tena faida ilionekana zaidi pale ambapo wenzao shuleni walikuwa na desturi ya kupenda kazi ngumu. Kwangu habari hii ni ya thamani kuliko kama wangesema alama zilipaa. Inatuambia kwamba kuamini peke yake ni kama kufungua dirisha. Hewa huingia, ila mgonjwa bado anahitaji dawa na mtu wa kumuuguza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wanaolihubiri jambo hili katika semina. Wanasema kwa wepesi, "Ni bidii tu." Katika chuo changu kulikuwa na wanachuo wa kutwa waliosoma kwa koroboi, na wengine waliosoma chini ya taa ya umeme. Kulikuwa na mama aliyeacha mtoto wa miezi minane kwa bibi yake na kila Ijumaa akatembea kilomita 11 kwenda kumwona. Ukimwambia mama huyo kwamba alama zake zitapanda akikazana, utakuwa umemtukana. Zamani tulimwambia aliyeshindwa kwamba hana akili. Sasa tutamwambia kwamba hana bidii. Lawama imebadilisha kanga tu, mwenye kuivaa ni yule yule. Mwalimu asimwambie mtu akazane kabla hajamuuliza usiku anasomea taa gani.

Nilipokuwa mkuu wa chuo nilijaribu mambo matatu. Kwanza, niliondoa ukutani orodha ya nafasi. Kila mmoja aliitwa akapewa karatasi yake. Pili, mtihani wa marudio ulitanguliwa na wiki mbili za kufundishwa yale yale waliyoshindwa, maana kumrudishia mtu mtihani bila kumrudishia somo ni kumpima homa mara mbili bila kumpa kidonge. Tatu, nilipiga marufuku neno "kipaji" katika fomu za tathmini. Mkufunzi aliandika kitu gani kimekosekana na kitapatikana kwa njia gani.

Sikupata mafanikio ya kutangaza redioni. Wakufunzi walinung'unika, na walikuwa na haki, kwa sababu wiki mbili zile zilikula likizo yao na sikuwa na fungu la kuwalipa. Baadhi ya wanachuo walilegea. Nilimsikia mmoja akisema jaribio si kitu, marudio yapo. Lakini waliorudia na kufaulu waliongezeka, na muhimu zaidi, waliopotea usiku na masanduku yao walipungua.

Kisha kulikuwa na binti mmoja ambaye habari yake huniamsha usiku hadi leo. Alirudia mara ya kwanza, akakosa. Tukamwombea nafasi ya pili, akakosa. Alikuwa na bidii kuliko wote. Taa ya darasa lile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuzimwa. Sheria haikuruhusu zaidi. Nilimwita ofisini, nikaanza hotuba yangu. Akaninyamazisha kwa swali, kwa upole kabisa: "Mkuu, tangu mwaka jana unaniambia sijafaulu, sijafaulu. Mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ukweli, kwamba chuo kina muda wake na kwamba watoto watakaofundishwa hawawezi kusubiri. Alishukuru akatoka. Tangu siku ile nimejua kwamba "hajafaulu" si neno la bure. Ni deni. Anayelitamka anajifunga kutoa muda, na mafunzo, na macho ya kutazama kosa liko wapi. Vikiisha vitu hivyo, au visipokuwapo tangu mwanzo, basi neno hilo zuri linageuka kuwa njia ya kumfanya mtu asubiri basi ambalo halipiti. Mwalimu mwadilifu husema mapema barabara inaishia wapi. Ningemwambia binti yule tangu mwanzo kwamba nafasi ni mbili tu, na tukapanga pamoja afanye nini zikiisha, angetoka ofisini kwangu siku ile akiwa na mahali pa kwenda. Aliondoka bila hata barua ya kumsaidia kuomba kazi nyingine, na kosa hilo ni langu, si lake.

Haya yote ndiyo yaliyonipitia akilini wakati mjukuu wangu ameketi mbele yangu na ile 34 yake. Sikumwambia ajikaze. Nilimwambia, "Lete karatasi hapa, na kalamu."

Tulikaa jamvini tukapitia swali moja moja. Alikuwa amepoteza alama 66. Tulipozihesabu, 42 kati ya hizo zilikuwa na chanzo kimoja: hajui kufungua mabano yaliyotanguliwa na alama ya kutoa. Palipoandikwa 10 – (4 – 1), yeye aliandika 10 – 4 – 1, akapata 5. Kosa hilo alilibeba kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu aliyekanyaga tope mlangoni akalisambaza nyumba nzima. Nikamuuliza, "Una shilingi 10,000. Umempa mwenye duka 4,000, akakurudishia 1,000. Una ngapi?" Akajibu pale pale, "Elfu saba." Kisha akaiangalia karatasi, akanyamaza.

Hakuruka kwa furaha, wala sikutarajia hivyo. Alikasirika. Alisema kosa hilo amekuwa nalo tangu kidato cha pili na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Kila mara alirudishiwa namba nyekundu tu. Tulifanya maswali 20 jioni ile, akakosea manne. Kesho yake akakosea matano, kwa sababu niliyachanganya na sehemu. Zile alama 24 zilizobaki zilikuwa na vyanzo vingi, na vingine sikuvielewa hata mimi; hisabati wanazosoma sasa zina mambo ambayo sikuyafundisha.

Nilimweleza habari za mwenye duka, bila kuficha langu. Nilimweleza pia barabara inaishia wapi: baba yake ana ada ya kumfikisha mwisho wa mwaka huu wa masomo, chuo kinatoa marudio mara moja, na yakishindikana tutakaa tena sote watatu tuangalie njia nyingine, naye hatakuwa mtu pungufu kwa kuifuata. Alisikiliza, akauliza nini kitatokea kama katika jaribio lijalo atapata 34 nyingine. Nilimwambia aje nayo, tuone alama zimepotelea wapi.

Amekwisha kulifanya. Naandika haya majibu hayajatoka.